ETI YANGA "HAIKUMKOSA" FEI TOTO? SUMBAWANGA, HEBU ACHENI KUMPIMA MTU KWA MAKOMBE YA BOSI WAKE

Nenda kijiwe chochote cha Sumbawanga. Iwe pale bodaboda wanapopaki stendi, iwe kibanda umiza cha Katandala, iwe saluni ya kiume Majengo. Mabishano ya Yanga yakikolea, lazima atokee jamaa mmoja na ile kauli yake: "Fei Toto aliondoka, tulimkosa wapi?" Akishaitoa anarudi nyuma kwenye benchi, anachomeka mikono kwenye jaketi, baridi ya Ufipa inapiga, anasubiri mtu ajibu. Mara nyingi hajibiwi. Makombe yapo, kila mtu aliyaona.

Haya, leo ajibiwe. Maana hiyo kauli ilianza kama utani wa mpira, sasa imekuwa fimbo ya kuwachapia vijana ambao hata Jangwani hawajawahi kufika.

KWANZA WAPEWE HAKI YAO

Wananchi wana takwimu, na takwimu haziogopwi. Desemba 2022, Feisal Salum, Mzanzibari ambaye Yanga ilimsajili 2018 akitokea JKU, aliandika barua ya kuvunja mkataba. Kama ilivyoripotiwa kila kona, alirudisha shilingi milioni 112: milioni 100 za usajili na milioni 12 za mishahara ya miezi mitatu. Piga hesabu mwenyewe, hiyo ni milioni nne kwa mwezi. Yanga ikazikataa hizo pesa ikasema huyu bado ni mchezaji wetu, mkataba wake unaisha 2024.

Sikukuu ya Krismasi, tarehe 25, Yanga ikashuka uwanjani kucheza na Azam bila yeye. Ikashinda 3-2. Januari dirisha dogo likafunguliwa, wakaingia Mudathir Yahya kwenye kiungo na Kennedy Musonda kwenye ushambuliaji, huyu wa pili akitokea Zambia, nchi ambayo kwa mtu wa Rukwa ni jirani wa kupiga hodi tu pale Kasesya. Kisha kazi ikaendelea kama kawaida.

Kombe la Shirikisho Afrika: Yanga ikaongoza kundi lenye US Monastir, TP Mazembe na Real Bamako. Robo fainali ikamtoa Rivers United ya Nigeria. Nusu fainali ikampiga Marumo Gallants ya Afrika Kusini nje ndani. Fainali ikacheza na USM Alger: 28 Mei 2023 ikafungwa 2-1 kwa Mkapa, 3 Juni ikaenda Algiers ikashinda 1-0 kwa penalti ya Djuma Shaban, ikakosa kombe kwa sheria ya bao la ugenini. Ligi ilikuwa imeshabebwa Mei. Tarehe 12 Juni pale Mkwakwani, Tanga, ikabeba na Kombe la Shirikisho la nyumbani kwa bao la Musonda. Aliyefungwa siku hiyo? Azam hao hao.

Fiston Mayele akamaliza ligi na mabao 17, sawa na Saidi Ntibazonkiza wa Simba. Kwa Afrika akafunga saba na kuwa mfungaji bora wa mashindano. Yote haya Fei yuko nyumbani.

Kwa hiyo ukiuliza kama Yanga ilibeba makombe bila Fei, jibu ni ndiyo, mara mbili. Hapo hakuna ubishi, na anayebisha anabisha ili chai isipoe.

NA WALE WA UPANDE WA PILI NAO WATULIE

Maana wapo. Makolo wa hapa mjini, tangu siku ile ya Algiers, wana hadithi yao: eti Yanga ilikosa kombe la Afrika kwa sababu ya dhuluma ya Fei. Eti angekuwepo siku ile kwa Mkapa, matokeo yangekuwa mengine. Wengine wanaenda mbali zaidi, wanasema ni laana.

Jamani. Mji ambao wenyewe mnasimuliana kwamba jina lake maana yake ni "tupa uchawi" ndio mnataka kuuziana laana? Hakuna mtu anayejua mechi ambayo haikuchezwa ingeishaje. Fei angeweza kufunga mawili, angeweza pia kuumia dakika ya kumi. Tena kabla hata hajaondoka, Novemba 2022, Yanga ile ile ilipigwa 2-1 na Ihefu kule Mbarali, na ile rekodi ya kutofungwa mechi 49 za ligi ikafia hapo. Timu inaweza kufungwa ikiwa na nyota wake wote mezani. Inaweza pia kufungwa 2-0 na Simba bila nyota mmoja, kama ilivyotokea 16 Aprili 2023. Watu wa Sumbawanga hawahitaji kufundishwa hili: Oktoba 2020 Simba ilikuja Uwanja wa Nelson Mandela ikaondoka imepigwa 1-0 na Tanzania Prisons.

Kwa hiyo pande zote mbili zinatumia rula moja. Mmoja anasema makombe yalikuja, basi Fei hakuwa kitu. Mwingine anasema kombe moja halikuja, basi Fei alikuwa kila kitu. Wote wanapima thamani ya mtu kwa kuangalia mezani kwa aliyemwajiri. Hiyo rula imepinda.

KAMA HAKUWA KITU, MBONA HAWAKUMWACHIA?

Hili ndilo swali ambalo jamaa wa jaketi huwa halitaki.

Klabu ilipewa milioni 112 mkononi. Ingekuwa kweli mtu haumizi kichwa, si ungechukua hela yako ukamfungulia mlango? Ungeweka milioni mia pembeni, ukamwambia safari njema kijana, ukaendelea na Mudathir wako. Lakini haikuwa hivyo. Yanga ilikwenda TFF kwenye Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji, Januari 2023 ikapata uamuzi kwamba Fei bado ni mali yake. Fei akaomba mapitio, akagonga mwamba. Akajaribu tena kuomba mkataba uvunjwe, akagonga mwamba tena. Miezi mitano nzima klabu inashikilia mkono wa mtu ambaye mashabiki wake wanaimba kwamba hawamhitaji.

Mtu hashikilii mkono wa kitu kisicho na thamani. Hawa viongozi hawakuwa wajinga. Rais wa klabu, Injinia Hersi Said, na wenzake walijua kabisa wana nini mkononi, ndiyo maana hawakukubali kiondoke kwa bei ya mwaka wa zamani. Mashabiki waliimba "hatumhitaji", mawakili wa klabu wakasema "hatumwachii". Kati ya hao wawili, aliyekuwa na karatasi za bei ni wakili.

Na ilivyoisha kila mtu anakumbuka. Tarehe 5 Juni 2023 Rais Samia aliwaalika Yanga Ikulu kuwapongeza kwa kufika fainali, akatumia nafasi hiyo hiyo kumwambia Hersi amalize suala la Fei. Tarehe 8 Juni Azam wakamtangaza. Akauzwa. Kilichouzwa kina bei, na kilichokuwa na bei mwezi Juni kilikuwa na bei pia mwezi Januari wakati kijiwe kinacheka.

MAHINDI YA LAELA NA UGALI WA DAR

Twende kwenye lugha ambayo kila nyumba ya Ufipa inaielewa.

Rukwa ni mkoa wa mahindi. Tangu enzi zile za mikoa minne mikubwa ya nafaka, Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa, nchi imekula kutoka huku juu. Na kila mwaka baada ya mavuno mchezo ni ule ule: mnunuzi anakuja na lori, anataja bei ya kukera. Mkulima mwenye haraka ya ada anauza. Mkulima mwenye kifua anasema hapana, anafunga mlango wa ghala, anasubiri NFRA wafungue kituo au bei ipande kuelekea masika.

Huyo mkulima aliyefunga ghala kule Laela amegoma. Sasa jiulize: usiku ule Dar es Salaam walilala njaa? Hawakulala. Walisonga ugali kama kawaida, kwa unga wa mahindi ya Songea, ya Mbozi, ya Iringa. Kesho yake Manzese walikula tena. Hivi kuna mtu mwenye akili zake Sumbawanga nzima angesimama akamwambia yule mkulima, "Unaona? Dar haijakukosa, kwa hiyo mahindi yako hayana thamani, chukua tu hiyo bei"?

Angepigwa mchi.

Kila Mfipa anajua thamani ya gunia haipimwi kwa kuangalia kama mnunuzi wa kwanza atakufa njaa akilikosa. Inapimwa kwa kile ambacho mnunuzi mwingine yuko tayari kulipa. Mnunuzi ana maghala mengi, wewe una moja. Siku zote atapata pa kujazia. Ukikubali kupimwa kwa njaa yake, basi utauza bure maisha yako yote, kwa sababu yeye hana njaa.

Sasa weka Yanga hapo badala ya Dar, weka Fei hapo badala ya gunia. Yanga ni ghala kubwa. Ilikuwa na Aziz Ki, Aucho, Bangala, Mayele, na hela ya kumleta Mudathir Januari. Kwamba ilikula vizuri bila Fei inathibitisha kwamba ghala lilikuwa limejaa, na hongera kwa aliyelijaza, hongera kwa kocha Nabi aliyepanga upya kiungo chake bila kulialia. Lakini hiyo ni sifa ya ghala. Haisemi chochote kuhusu gunia.

LAKINI FEI NAYE ALIKUWA AMESHAUZA MABICHI

Hapa ndipo mashabiki wa Fei nao wanaze masikio, maana mfano wa mahindi una upande wa pili na hauwapendelei.

Yule mkulima wa Laela yuko huru kwa sababu mahindi ni yake. Kuna mwingine, wapo wengi, ambaye Februari alibanwa, akachukua hela ya mtu mahindi yakiwa bado mabichi shambani. Julai bei imepanda anataka kurudisha zile hela: "Shika chako, mahindi nauzia mwingine." Mwenye hela atakubali? Hatakubali, na baraza la kata litamuunga mkono. Yeye hakukopesha, alinunua. Anataka mahindi.

Fei alikuwa huyo wa pili. Alishasaini. Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji hazimfungi mtu maisha, lakini zina utaratibu: mkataba unaisha muda wake, au pande mbili zinakubaliana, au upande mmoja una sababu ya haki, kwa mfano klabu imekaa bila kulipa mishahara. Na kuvunja upande mmoja katikati ya msimu ndiyo kabisa hakuruhusiwi. Kurudisha pesa ya usajili na mishahara mitatu hakumo humo kama ufunguo wa mlango. Aliyemshauri Fei kwamba unaweka hela benki kisha unaondoka alimpoteza, na kijana ndiye aliyelipa kwa nusu msimu wa kukaa bila kucheza.

Na kukaa kuna gharama. Mwenye ghala anaijua: ukigomea bei muda mrefu, dumuzi anaingia kwenye magunia, unakuja kufungua unakuta unga. Mwili wa mchezaji nao una dumuzi wake. Miezi sita ya kufanya mazoezi peke yako hairudi. Fei alikuwa na bahati ya miaka 25. Angekuwa na 31, huenda leo kijiwe kingekuwa kinamzungumzia kama marehemu wa mpira.

Kwa hiyo ndiyo, kamati ilikuwa sahihi kisheria. Na ndiyo, Fei alikuwa sahihi kwamba bei yake imepitwa na wakati. Hayo mawili yanakaa chumba kimoja bila kugombana. Kosa ni la wale wanaochukua ushindi wa kamatini wakaugeuza kuwa hukumu ya uwezo wa mtu. Kamati haikusema Fei hajui mpira. Ilisema amesaini.

HATA KWA WAMAREKANI YALIKUWA YALE YALE

Msidhani hii ni shida ya Kariakoo tu. Kule Marekani, kwenye ule mpira wao wa kukimbia nao mkononi, mwaka 2018 kulikuwa na mkimbiaji wa Pittsburgh Steelers anaitwa Le'Veon Bell. Klabu ikampa mkataba wa mwaka mmoja wa dola milioni 14.5. Kwetu hizo ni hela za kununua mtaa, lakini yeye alitaka mkataba mrefu wenye uhakika, maana kazi yake ni ya kugongwa kila siku. Akagoma. Akakaa nje msimu mzima, dola zile zote zikampita.

Nafasi yake akapewa kijana anaitwa James Conner. Conner akakimbia yadi 973 na kufunga mara 12 kwa miguu yake. Mashabiki wakaimba wimbo ule ule wa jamaa wa jaketi: tulimkosa wapi? Halafu msimu ukaisha timu imeshinda mechi 9, imefungwa 6, sare moja, mtoano hawapo, wakati mwaka uliotangulia walishinda 13. Je, ni kwa sababu ya Bell? Wamarekani wanabishana hadi leo. Bell mwenyewe akapata mkataba wake New York kwa Jets, dola milioni 52.5 kwa miaka minne, na hakuwahi kurudi kuwa yule Bell wa zamani. Jets wakamwacha Oktoba 2020.

Ukiangalia vizuri, aliyeziba pengo alicheza vizuri na timu ikaporomoka. Yanga aliyeziba pengo alicheza vizuri na timu ikapaa. Mgomo wa aina moja, matokeo mawili tofauti. Ndiyo ushahidi kwamba matokeo ya timu hayawezi kuwa mizani ya mtu mmoja.

UGALI NA SUKARI

Kitu kingine kimoja kilichochekwa kuliko vyote: ile kauli iliyotoka kwa familia yake kwamba kijana alikuwa anakula ugali na sukari. Nchi nzima ikacheka. Sumbawanga ikacheka zaidi, ambapo kila mtu amekulia ugali na anajua unaliwa na nini: maharage, samaki wa Ziwa Rukwa, migebuka ya Tanganyika. Sukari? Vichekesho vikatengenezwa, video zikapigwa, hadi leo mtu akilalamika mshahara kazini anaambiwa, "Na wewe unakula ugali na sukari?"

Weka pembeni kama ile kauli ilikuwa ya kweli au ya uchungu wa mzazi. Angalia kicheko kilifanya kazi gani. Kilihamisha mjadala kutoka kwenye swali gumu, kwamba kiungo tegemeo wa timu ya Taifa analipwa kiasi gani akilinganishwa na wanaomzunguka, kikaupeleka kwenye sahani. Watu wakaacha kuuliza mkataba umeandikwaje wakaanza kuuliza mboga. Mabosi wote wa nchi hii wanapenda sana mfanyakazi anapochekwa na wafanyakazi wenzake. Kazi yao inakuwa imefanywa bure.

Na kuna watu wamesahau haraka. Fei aliingia Yanga 2018, Yanga ya bakuli. Ile ya kocha Mwinyi Zahera, klabu kubwa inachangisha mashabiki ili mishahara ipatikane, na Simba anabeba ligi mwaka baada ya mwaka. Fei alicheza miaka ile ya njaa, na ubingwa wa 2021/22 ulipokuja hatimaye alikuwepo. Mei 2023 ikawa zamu yake kutembeza bakuli, akiomba Watanzania wamchangie apeleke kesi CAS. Waliomcheka zaidi ni wale wale waliowahi kuchangia bakuli la klabu. Bakuli la klabu lilikuwa uzalendo, bakuli la mchezaji likawa aibu. Kwa nini?

HII INAWAHUSU VIPI WATU WA MAZWI NA KIZWITE

Inawahusu sana. Kila mtaa hapa mjini una yule bosi. Ana duka la jumla, au mashine ya kukoboa, au malori mawili ya kwenda Tunduma. Ana kijana amekaa naye miaka minne, anajua wateja wote kwa majina, anajua nani anakopa na nani halipi. Kijana siku moja anakohoa kidogo: "Bosi, hela naona kama haitoshi." Jibu linakuja fasta: "Fei Toto aliondoka Yanga ikabeba kombe. Wewe ni nani?"

Na kijana ananyamaza, maana yeye mwenyewe ndiye aliyeitoa kauli hiyo kijiweni Jumapili.

Duka litafunguliwa kesho hata akiondoka, ni kweli. Hospitali hufunguliwa daktari akistaafu, shule hufunguliwa mwalimu akihamishwa, na hakuna anayesema kwa hiyo walipwe nusu. Kigezo cha "tutaendelea bila wewe" kinaweza kumshushia bei binadamu yeyote aliye hai, kwa sababu dunia itaendelea bila yeyote. Rula inayompa kila mtu sifuri haipimi kitu.

Fikiria pia vijana wanaocheza pale Nelson Mandela jioni, vumbi miguuni, wenye ndoto ya Prisons na baada ya hapo Dar. Wengi wao siku wakipata karatasi ya kwanza watasaini huku wanatetemeka kwa furaha, bila kusoma, bila mtu wa kuwasomea. Somo la Fei kwao halina uhusiano na nani alibeba kombe. Ni hili: nguvu yako yote ya kujadiliana iko kabla ya wino. Uliza mkataba ni wa miaka mingapi. Uliza mshahara unapanda lini na kwa kigezo gani. Uliza kama kuna kipengele cha bei ya kununuliwa, kwamba timu ikileta kiasi fulani unaruhusiwa kwenda. Fei angekuwa na kipengele hicho kimeandikwa wazi, hakuna kamati, hakuna CAS, hakuna Ikulu. Ingekuwa risiti tu.

SASA YANGA ILIMKOSA AU HAIKUMKOSA?

Jibu la mpira lipo na halina uchawi. Makombe haikuyakosa, maana ilijipanga. Hata baada ya hapo ilijaza ghala zaidi, wakaja akina Pacome na Maxi, ikampiga Simba 5-1 Novemba 2023, ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa na kutolewa kwa penalti na Mamelodi Sundowns. Kiungo Yanga ilichokuwa nacho miaka ile, klabu nyingi Afrika zingekililia.

Na Fei? Msimu wake wa kwanza Azam, 2023/24, alifunga mabao 19 ya ligi akiwa kiungo. Mbele yake alikuwepo mmoja tu, Aziz Ki, na mabao 21. Azam ikamaliza ya pili, pointi 69 sawa na Simba, ikamzidi Mnyama kwa mabao na kwenda Ligi ya Mabingwa yenyewe. Na tarehe 17 Machi 2024, Azam ilipoifunga Yanga 2-1, mmoja wa wafungaji alikuwa Feisal Salum. Wale waliouliza "tulimkosa wapi" walimwona alipo, golini kwao, anashangilia.

Hayo yote mawili yalitokea mwaka mmoja. Yanga ilikuwa bingwa bila Fei, Fei akawa moto bila Yanga. Hakuna aliyemfia mwenzake, na hakuna aliyekuwa bure. Mchezaji mzuri aliondoka kwenye timu nzuri, kila mmoja akaendelea kuwa mzuri. Kijiwe ndicho kilichotaka lazima mmoja aonekane takataka.

Kwa hiyo siku nyingine jamaa akirudi nyuma kwenye benchi na kauli yake, asiulizwe kuhusu Mayele wala kuhusu Algiers. Aulizwe kitu kimoja tu: mwaka huu mahindi yake anauza kwa bei gani, na nani aliyeipanga?